Kufuli Lisilongojwa Milele: Mafunzo Niliyopata kwenye Bodi za Pampu, Likasi

Kazi yangu hapa Likasi ni bodi zinazoendesha pampu za maji: kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine, tangi juu ya mnara, kontakta ya kuwasha mota, na boksi dogo la plastiki lenye chipu ya ESP32. Mji huu ulijengwa kwa shaba, kwa hiyo mafundi umeme hawajawahi kukosekana. Wazee waliopita kwenye viwanda vya Shituru na Panda wanaijua kontakta kuliko mimi, na mengi ninayoyajua kuhusu mota nimeyapata kwao. Kilicho kipya ni programu iliyo ndani ya boksi. Na ndani ya programu hiyo kuna jambo moja dogo ambalo nimelifikiria kuliko mengine yote: kufuli, na muda ambao taski inakubali kulingoja.

Nieleze kwanza boksi lilivyo. Ndani yake kuna FreeRTOS, mfumo endeshi wa wakati halisi uliotungwa na Richard Barry mwaka 2003 na ambao tangu 2017 unatunzwa na Amazon. Juu yake zinaendeshwa taski nne. Moja inaamuru pampu, ya pili inasoma vihisi, ya tatu inaandika kwenye kioo, ya nne inapokea na kutuma ujumbe kwa simu. Zinagawana vitu viwili. Kuna laini ya RS-485 inayokwenda kwa vihisi kwa lugha ya Modbus, na kuna nyaya mbili za I2C zenye kioo na saa ya DS3231. Taski mbili zikiongea kwa pamoja kwenye laini moja, majibu huchanganyika na namba zinazotoka hazina maana. Ndiyo maana kila laini ina kufuli lake: anayetaka kuitumia analishika, akimaliza analiachia.

Kwenye FreeRTOS unaliomba kufuli kwa xSemaphoreTake, nayo inataka mambo mawili: jina la kufuli, na tiki ngapi uko tayari kungoja. Zephyr ina k_mutex_lock, VxWorks ina semTake, na zote zina nafasi hiyohiyo ya kuandika muda. Zote pia zina neno la kusema "ngoja milele", na neno hilo ndilo linaloandikwa mara nyingi zaidi, kwa sababu halimlazimishi mwandishi kufikiri. Haya yote ninayoyaandika yanahusu nafasi hiyo moja.

1. Kabla ya kuuliza milisekunde ngapi, uliza utafanya nini zikiisha

Mvua za kwanza za msimu huja na radi, na radi hupenda nyaya ndefu. Majira hayo simu hazikomi. Moja ilitoka kwa mlinzi wa zahanati upande wa Kikula: "Yaya, mayi inamwangika!" Nilikuta maji yanatiririka kutoka mnarani, mota bado inasukuma, na kioo cha boksi kinasema tangi lina asilimia 76. Nikasimama mbele ya kioo nikingoja namba ibadilike. Ilibaki 76, huku maji yakinipita miguuni.

Bodi ilitengenezwa na karakana nyingine. Mimi niliitwa kuitibu. Radi ilikuwa imeua kihisi cha kina kilichoko kisimani. Taski ya kusoma ilishika kufuli la laini, ikamuuliza marehemu, ikakaa kungoja jibu bila kikomo. Taski ya pampu, yenye kipaumbele cha juu kuliko zote, ikaja kutaka laini ili isome usawa wa maji kwenye tangi. Ikakuta kufuli limeshikwa, nayo ikakaa kungoja bila kikomo. Kontakta ilibaki imevuta kwa sababu amri ya mwisho iliyopewa ilikuwa kuvuta. Kihisi cha tangi kilikuwa kizima kabisa, kipo kwenye laini ileile, tayari kujibu, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukiuliza.

Kijana ninayefanya naye kazi aliona haraka mahali pa kurekebisha. "Papa, tuweke sekunde moja, tumalize." Nikamwomba afuate mstari unaokuja baada ya sekunde hiyo. Kufuli halikupatikana, programu inaendelea, inachukua thamani ya mwisho ya tangi, ambayo ni 76, inaona 76 ni chini ya 95, kiwango cha kuzima pampu, inaamuru pampu iendelee. Maji yangemwagika vilevile, tofauti ni kwamba programu ingekuwa na shughuli nyingi wakati yanamwagika.

Tangu hapo siandiki muda kabla ya kuandika kwa maneno, juu ya karatasi, tawi la kushindwa. Kwa pampu lina hatua tatu. Thamani ya zamani inaruhusiwa kutumika ikiwa umri wake haujapita kiasi fulani, kwa hiyo kila thamani inahifadhiwa pamoja na wakati iliposomwa. Umri ukipita, pampu inazimwa. Ikizimwa kwa sababu hiyo, kioo kinasema wazi kwamba hakijui usawa wa maji, hakionyeshi namba ya zamani kana kwamba ni ya sasa. Hatua hii ya tatu ndiyo watu huiruka, na mimi naiona nzito kuliko zote. Mlinzi aliyesoma 76 alikiamini kioo mpaka alipoyaona maji kwa macho yake.

2. Muda hupimwa kwenye mashine

Kwenye programu za watu nimeona 100, 500, 1000: namba za duara, zilizochaguliwa kwa sababu zinapendeza. Hazina uhusiano wowote na maji.

Chukua tangi la lita 5,000 na pampu inayotoa lita 50 kwa dakika. Pampu inatakiwa kuzimwa tangi likifika asilimia 95. Kutoka hapo hadi pomoni kuna lita 250, yaani dakika 5. Upande wa juu, basi, una nafasi kubwa. Hata nikikosa kusoma tangi kwa sekunde 30 hakuna kitakachomwagika. Upande wa chini ni mambo mengine. Mota ya pampu iliyozama hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake, na sehemu za pampu zinazozunguka hulainishwa na maji hayohayo. Mwisho wa kiangazi, Septemba na Oktoba, maji ya visima vyetu hushuka, na pampu ikianza kuvuta hewa huharibika upesi. Huko najipa sekunde 2 kutoka dalili ya kwanza hadi kontakta kuachia.

Kwa hiyo laini ni moja, kufuli ni moja, lakini anayeuliza habari za kisima na anayeuliza habari za tangi hawastahili kungoja sawa. Muda ni wa anayeomba na haja yake. Kufuli lenyewe halina muda wake.

Kisha hesabu ya upande wa pili: anayelishika hulishika kwa muda gani? Modbus ni ya mwaka 1979, kazi ya Modicon, na hesabu yake bado inafanyika kwa penseli. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, herufi moja ya biti 11 inachukua milisekunde 1.15 hivi. Swali lina herufi 8, jibu la rejista moja lina herufi 7, na kimya kinachotenganisha ujumbe ni muda wa herufi tatu na nusu. Ukiongeza na muda wa kihisi kufikiri, mazungumzo mazuri yanaisha ndani ya milisekunde 40. Lakini kihisi kilichokufa hakijibu, na programu nyingi hukingoja sekunde nzima, mara tatu mfululizo, kufuli likiwa mkononi. Hapo mshikaji anatumia sekunde 3, na mimi nina 2 tu. Hakuna muda wowote unaoweza kuandikwa upande wa pampu ukaponya hilo. Dawa iko kwa mshikaji: kungoja jibu kushushwe hadi milisekunde 150, na kufuli liachiwe kila baada ya jaribio moja ili wengine wapite. Baada ya hapo ndipo kikomo cha milisekunde 250 kwa pampu kinakuwa namba yenye maana, kwa sababu kinazidi ushikaji mrefu kuliko wote ninaouruhusu, na bado kinanibakizia nafasi ya kujaribu tena ndani ya sekunde zangu 2.

3. Tiki hula milisekunde

Hili ni fupi lakini limewasumbua wengi. Mfumo hauhesabu milisekunde, unahesabu tiki. Kwenye ESP-IDF, usipogusa kitu, tiki ni 100 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 10. Mtu anaandika pdMS_TO_TICKS(5), akidhani ameomba milisekunde 5. Hesabu inafanywa kwa namba nzima: 5 mara 100 gawanya kwa 1,000, jibu ni 0. Na 0 maana yake ni "usingoje hata kidogo". Programu inafanya kazi vizuri mezani, ambako kufuli karibu kila mara liko huru, na inashindwa kisimani, ambako liko na shughuli.

Hata tiki zikiwepo, ya kwanza haiji kamili. Ukiomba moja katikati ya kipindi, utapata kilichobaki cha kipindi hicho tu. Ninapohitaji walau milisekunde 10 za kweli naomba tiki 2. Arduino ya ESP32 huja na tiki 1,000 kwa sekunde, ndiyo maana programu ileile ikihamishwa kutoka huko kwenda ESP-IDF hubadilika tabia bila mstari wowote kubadilishwa.

4. Asiyelishika asiliachie

xSemaphoreTake inarudisha jibu: umelipata au hukulipata. Ukiandika portMAX_DELAY, yaani "ngoja milele", jibu hilo huonekana halina kazi, na watu huzoea kutolisoma. Siku wanapobadilisha kuwa muda wenye mwisho, mazoea yanabaki. Taski inaomba, haipati, inaingia kwenye laini kana kwamba imepata, kisha mwishoni inaita xSemaphoreGive kuliachia kufuli.

Hapo ndipo pabaya kweli. FreeRTOS ina ukaguzi unaoishika taski inayoachia kufuli la mwenzake, lakini ni kwa configASSERT, na wako wanaoizima ili kupunguza ukubwa wa programu. Ikiwa imezimwa, kufuli linafunguka wakati mwenye nalo bado yuko katikati ya kazi. Wa tatu anaingia. Sasa wako wawili kwenye laini, na kila mmoja anaamini yuko peke yake. Kosa la namna hii halionekani mahali lilipotokea. Linaonekana kama kihisi kinachotoa namba za ajabu mara mojamoja, na fundi anabadilisha kihisi, anabadilisha waya, anabadilisha hata kisanduku cha umeme.

Kwenye karakana tumeweka sheria: kuomba, kutumia na kuachia vikae ndani ya funkshoni moja, na kuachia kukae ndani ya tawi la "nimelipata". Hakuna anayeruhusiwa kushika kufuli kwenye faili moja na kuliachia kwenye faili nyingine. Pia configASSERT haizimwi. Afadhali bodi isimame mbele yangu mezani kuliko ikosee kimya kwa mteja.

5. Kikomo cha kungoja hakiponyi kipaumbele kilichopinduka

Kuna boksi lililokuwa likizima pampu jioni, siku nyingine mara kadhaa, halafu linaiwasha lenyewe. Vihisi vizima, maji yapo, umeme upo. Jioni ndiyo saa watu wa eneo hilo walikuwa wakituma ujumbe kuuliza kama tangi lina maji. Ujumbe ndio uliokuwa ukizima pampu, na njia ilikuwa hivi: taski ya kioo, yenye kipaumbele cha chini kabisa, inashika kufuli. Taski ya pampu inalihitaji, inaanza kungoja. Ujumbe unaingia, na taski ya simu, yenye kipaumbele cha kati, inaanza kuchambua maandishi. Kwa kuwa iko juu ya kioo, inaisimamisha. Kioo hakiwezi kumaliza, hakiwezi kuachia kufuli, na aliye juu kuliko wote anamngoja wa kati ambaye hata hataki kufuli hilo. Muda wa pampu unaisha, tawi la kushindwa linafanya kazi yake, pampu inazimwa.

Ukitazama kwa haraka utasema muda ni mfupi, uongeze. Ukiongeza, kuzimika kunapungua na tatizo linabaki.

Ugonjwa huu una historia maarufu. Mars Pathfinder ilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997 ikiwa na VxWorks, na siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya yenyewe. Taski ya vipimo vya hali ya hewa, ya kipaumbele cha chini, ilishika kufuli lililohitajiwa na taski kubwa ya mawasiliano ya ndani, na taski za kati zikaizuia isimalize. Mkaguzi wa mfumo akiona taski kubwa haijamaliza kwa wakati, anawasha upya kila kitu. Wahandisi wa JPL waliurudia ugonjwa huo kwenye nakala ya chombo iliyobaki duniani, kisha wakatuma badiliko dogo hadi Mirihi: kufuli hilo lipewe urithi wa kipaumbele. Nadharia yake ilikuwa imekwisha kuandikwa vizuri na Sha, Rajkumar na Lehoczky mwaka 1990. Mwenye kufuli hupandishwa hadi kipaumbele cha anayemngoja, anamaliza, anaachia, anarudi chini.

Kwenye boksi letu sababu ilikuwa mstari mmoja. Kufuli lilitengenezwa kwa xSemaphoreCreateBinary, ambayo haina urithi. xSemaphoreCreateMutex inao. Vyote viwili huombwa na kuachiwa kwa maneno yaleyale, kwa hiyo ukisoma sehemu nyingine za programu ni vigumu kuona tofauti. Sasa bodi yoyote ikinifikia, mstari wa kwanza ninaoutafuta ni ule unaozaa kufuli.

6. Makufuli mawili yana mpangilio, hata ukiwa na saa mkononi

Kwenye bodi moja, taski ya kusoma ilikuwa ikishika laini ya RS-485, na kabla ya kuiachia inataka saa kutoka DS3231 ili kuandika wakati wa kipimo, kwa hiyo inaomba I2C. Taski ya kioo ilikuwa inashika I2C, na kabla ya kuiachia inataka kipimo kipya, kwa hiyo inaomba RS-485. Kila mmoja ana cha mwenzake. Coffman, Elphick na Shoshani walieleza mwaka 1971 masharti manne ambayo yakikutana mkwamo wa namna hii huwezekana, na moja la hayo ni kungojana kwa mduara.

Kikomo cha kungoja kinauvunja mduara. Hilo ni kweli, na ni sababu nzuri ya kukiweka. Lakini wote wawili wakiwa na milisekunde 500, wanakata tamaa karibu kwa pamoja, wanaachia, wanarudi kwa pamoja, wanakwama tena. Kioo kinaruka-ruka kila nusu sekunde na hakuna kipimo kinachoandikwa. Bodi haijafa, ila haifanyi kazi yoyote. Kuchanganya muda, mmoja 300 na mwingine 700, kunasaidia kwa bahati.

Tulichofanya ni kuondoa haja yenyewe. Saa inasomwa kwanza, inawekwa kwenye kumbukumbu, I2C inaachiwa, ndipo RS-485 inaombwa. Na kioo hakiulizi vihisi kamwe, kinaonyesha kilichohifadhiwa. Panapobaki kazi inayohitaji yote mawili, mpangilio ni mmoja kwa taski zote: RS-485 kwanza, I2C baadaye. Umeandikwa juu ya faili kwa maandishi makubwa.

7. Ujue ni saa gani inayopima

Pampu zikiwa nyingi mahali pamoja, tunaweka kompyuta ndogo ya Linux ya kukusanya taarifa. Mwaka 2024 kazi ya miaka mingi iitwayo PREEMPT_RT iliingizwa kwenye Linux ya kawaida, toleo 6.12, kwa hiyo hata huko mambo ya wakati halisi sasa yako karibu. Lakini pthread_mutex_timedlock, njia ya huko ya kuomba kufuli kwa kikomo, ina mtego wake. Haipokei "ngoja milisekunde 200". Inapokea "ngoja hadi saa fulani", na saa hiyo ni ya ukutani.

Hapa kwetu umeme ukikatika na kurudi, kompyuta isiyo na betri ya saa huamka na saa ya zamani. Dakika kadhaa baadaye mtandao unapatikana na saa inaruka mbele, wakati mwingine masaa mengi. Mwisho wowote uliokokotolewa kabla ya mruko unaonekana umeshapita, na kila taski inaambiwa muda umeisha ingawa haijangoja hata kidogo. Saa ikirudishwa nyuma, inakuwa kinyume chake: milisekunde 200 zinaweza kugeuka saa nzima. Glibc iliongeza pthread_mutex_clocklock kwenye toleo 2.30 la mwaka 2019, na POSIX ya 2024 ikaipokea. Unaipa CLOCK_MONOTONIC, saa inayokwenda mbele tu, na mkono wa mtu hauisogezi. Mjini kwetu, ambako kukatika kwa umeme ni jambo la kila mtu, sioni sababu ya kuandika ile ya zamani tena.

8. Kuna kufuli ambalo halipaswi kuwa na mwisho

Mtu akishajifunza haya hutaka kuweka kikomo kila mahali. Napinga. Kwenye kiwanda, fundi anayeingia kutengeneza mashine huweka kufuli lake la chuma kwenye swichi, na ufunguo anakaa nao mfukoni. Kufuli hilo halina saa. Likijifungua baada ya nusu saa kwa kuwa wengine wamechoka kungoja, mtu anakufa.

Kwenye bodi zetu kitu cha namna hiyo ni hali ya matengenezo. Fundi akiiwasha kwa swichi ya boksi, hakuna taski, ujumbe wa simu wala muda unaoweza kuiondoa. Ni yeye tu, kwa swichi ileile. Taski ya pampu hailingoji kufuli hilo: inatazama, inaona limeshikwa, inahakikisha kontakta imeachia, inaendelea na mengine. Kuna tofauti kati ya kitu kinacholindwa dhidi ya fujo ya data na kitu kinachomlinda binadamu, na cha pili hakipewi kikomo kwa ajili ya urahisi wa programu.

9. Saa ya mlinzi lazima ijue jumla

Chipu ina saa ya mlinzi inayoweza kuiwasha upya isipoguswa kwa wakati. Kwenye zahanati ile haikusaidia kitu, na wengi hushangaa kwa nini. ESP-IDF, usipoielekeza, huangalia taski tupu, ile inayokwenda wakati hakuna kazi. Taski zinazongoja kufuli hazitumii chipu, kwa hiyo taski tupu ilikuwa na nafasi ya kutosha na mlinzi akaona mambo ni mazuri. Taski ya pampu lazima iandikishwe yenyewe kwa esp_task_wdt_add. Kisha jumlisha: mzunguko mmoja wa pampu ukiomba makufuli matatu kwa milisekunde 250 kila moja, katika siku mbaya unachukua milisekunde 750 kabla ya kufanya lolote. Mlinzi wa nusu sekunde angeiwasha upya bodi katikati ya kushindwa kwa kawaida ambako programu inakumudu.

10. Vuta waya

Tawi la kushindwa ni mistari ambayo haiendeshwi mezani hata mara moja, kwa sababu mezani kila kitu kizima. Kwa hiyo tunalilazimisha. Bodi ikiwa inafanya kazi na ndoo mbili za maji, kijana anachomoa kihisi cha kisima huku mwenzake ameshika saa. Kontakta lazima iachie ndani ya sekunde 2. Anakirudisha, pampu lazima irudi yenyewe. Anagusanisha nyaya mbili za RS-485. Anakatiza waya wa SDA, mmoja wa zile mbili za I2C, unaokwenda kwenye kioo. Tuna pia taski ya majaribio ambayo kazi yake ni kushika kufuli na kulala nalo kwa muda ninaoutaja, nayo hutolewa kabla bodi haijaondoka karakana.

Na kila kufuli lina kaunta mbili: mara ngapi kikomo kimefikiwa, na kungoja kurefu kuliko kote kulikowahi kutokea. Zinaonekana kwenye ukurasa wa pili wa kioo, ambao mlinzi wa mahali hapo anaufungua kwa kubonyeza kitufe kimoja, ananisomea namba kwa simu. Kaunta ya RS-485 ikipanda huku ya I2C ikibaki sifuri, natoka na viunganishi na waya. Zikipanda zote mbili kwa pamoja, taski fulani inakalia chipu, na waya nauacha karakana, nabeba kompyuta.